Namba Mbili za Zuhura

Mimi sikuwa sista. Nianze na hilo ili mtu asije akasema bibi huyu anajipa vyeo. Shule niliachia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa ile ambayo mgeni akiingia wodini haioni: kuosha wagonjwa, kuwageuza, kubeba choo, kubadilisha shuka, na mtu akikata roho, kumfunga taya na kumnyoosha kabla hajakauka. Nimefanya hivyo Kitale, nikafanya Bungoma, zaidi ya miaka ishirini, na miaka ya mwisho nilikuwa ICU, mahali ambapo mgonjwa haongei, mashine ndizo zinaongea.

Mjukuu wangu wa kwanza, Nafula, anasomea uuguzi. Nikimwona na ile yunifomu nasimama wima hata kama magoti yamekataa. Yeye ndiye aliniambia, "Kukhu," yaani bibi, "andika. Darasani tunafundishwa mashine na hakuna anayetuambia mashine ikikosea inakosea namna gani." Basi naandika, yeye atanyoosha herufi. Nawaandikia nyinyi wenzake mnaoanza. Nitasema mambo ya sukari ya damu, kwa sababu hapo ndipo nilijiona mjanja sana, na hapo ndipo mwalimu mmoja kijana, jina lake Zuhura, aliharibikiwa mikononi mwetu. Kwa dakika moja alikuwa na namba mbili. Moja ilikuwa ya kweli. Sisi tukashika ile nyingine.

Lakini siwezi kuanza na yeye. Hamtaelewa.

Kitale ni baridi. Ile miezi ya mvua, mgonjwa mahututi anakuwa na vidole kama vya mtu aliyelala nje. Unadunga, hakuna kitu. Unadunga tena, kinatoka kitone kama cha mbu. Siku zangu za kwanza sista alinipa kazi ya kumshikia mgonjwa mkono wakati anapima, na mimi nikaona nisaidie. Nikaanza kukamua kile kidole, nakamua kutoka kwa kiganja mpaka ncha. Sista mkubwa wa wodi, Sista Jerono, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kupaza sauti, alinisimamia mgongoni.

"Mama Robai, unakamua nini hapo? Una ndama wa kunywesha?"

Wote wakacheka. Mimi nikaacha.

"Hayo unayotoa ni maji ya nyama, si damu. Mashine itapima na itakupa namba, kwa sababu mashine haina adabu ya kukataa. Wewe ukitaka damu, chota maji ya vuguvugu. Uloweke mkono, uuoshe, uukaushe. Tone la kwanza panguza. La pili ndilo la kupima."

Kutoka siku hiyo beseni likawa langu. Kabla sista yeyote hajadunga kidole, mimi niko hapo na beseni, sabuni na taulo. Maji yanapasha mkono moto ili damu ije. Na yanaondoa uchafu, kwa sababu mkono wa mgonjwa umeshikwa na kila mtu. Ile pamba ya spiriti inaua wadudu, lakini mkono ukiwa na kitu kitamu juu yake, spiriti inakisambaza tu. Hilo nalo alinifundisha Jerono. Ninyi lishikeni, maana mimi niliyelijua kabla yenu nililiangusha.

Kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Siku moja alitoka mbio kutoka kitanda cha pili akisema mgonjwa sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuandika namba, leteni insulini haraka. Insulini, kwa wewe usiyejua, ni dawa ya kushusha sukari. Jerono akaenda naye polepole mpaka kitandani. Akainua ule mpira wa dripu.

"Hii ni nini, daktari?"

"Dripu."

"Ya nini?"

"Ya sukari."

"Na damu umetoa mkono gani?"

Kijana akaonyesha kidole. Mkono ule ule.

"Basi umepima chupa," Jerono akasema. "Mgonjwa bado hujampima. Enda upande ule mwingine."

Sukari ya mgonjwa ilikuwa sawa tu. Angepewa ile insulini, tungemuua tukiwa tumenawa mikono. Kijana hakunywa chai na sisi wiki nzima. Alikuwa anapita mlangoni kama ana haraka.

Sasa, vidole vinachosha. Mgonjwa anadungwa kila saa mpaka ncha zinakuwa kama chujio. Ndiyo maana ule mwaka walipokuja wageni kutoka chuo kikuu na vifungo vyao, tulifurahi. Kifungo ni kitu kama kifungo cha koti, kinabandikwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko. Chini yake kuna uzi mwembamba kama unywele unaoingia kwenye ngozi. Kinapima sukari kila baada ya dakika chache na kutuma namba kwa kioo kilicho kando ya kitanda. Sukari ikishuka sana, kioo kinalia. Kwa mtu anayetembea na sukari yake mjini, ni kitu kizuri, sina ubishi. Lakini wale wageni wenyewe walisema wamekuja kujaribu kama kinaweza kuaminika kwa mgonjwa mahututi. Walisema hawajui. Mimi niliwapenda kwa hilo, maana ni watu wachache wa tai wanaosema hawajui.

Daktari wetu alinieleza siku moja nikipanguza kioo. Alisema hicho kitu hakipimi damu. Kinapima maji yaliyo chini ya ngozi, na sukari ya huko inafuata ya damu kwa kuchelewa. Halafu mgonjwa akiwa mahututi, presha imeanguka, damu inakimbilia moyo na ubongo, ngozi inaachwa. Mkono umevimba, ni baridi, mtu amejaa maji na dawa. "Hapo, mama, kifungo kinaweza kusema vile kinataka."

Kulikuwa na mzee kutoka Ndalu, mkulima wa mahindi, mguu ulikuwa umeoza kwa sukari na sumu imeingia mwilini. Alikuwa kwa mashine ya kupumua. Kifungo chake kilikuwa mkono wa kushoto. Kililia. Masista wakakimbia, wakapima kidole, sukari iko sawa. Kikanyamaza. Kesho yake kikalia tena. Masista wakaanza kukitukana. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza yule mzee kila saa mbili ili asipate vidonda: saa nne ubavu wa kushoto, saa sita chali, saa nane ubavu wa kulia. Na nikaona kitu. Kililia kila nikimlaza kushoto. Nikimlaza chali kinatulia.

Siku tatu nilikaa nacho bila kusema, naogopa kuchekwa. Ya nne nikamwambia daktari, "Huyu mzee analalia hicho kifungo. Ni kama kinakosa pumzi."

Daktari hakucheka. "Mgeuze tuone."

Nikamgeuza. Tukasimama sisi wawili hapo tunaangalia kioo kama watu wanaongoja uji uchemke. Robo saa haikuisha, namba ikapanda yenyewe. Daktari akaita masista wote.

"Sikieni Mama Robai. Kifungo kikilaliwa hivi, damu haifiki pale, kinasoma chini. Kabla hamjapiga kelele, angalieni amelala upande gani. Geuza, ngoja robo saa, pima kidole."

Mzee wa Ndalu hakupona. Alikufa na mguu wake. Lakini mimi siku hiyo nilirudi nyumbani kama nimechaguliwa. Mwanamke wa darasa la nne amefundisha daktari. Niliwaambia watoto, nikaambia majirani, nikaambia kanisa. Naona sasa nilichowaambia kilikuwa kifupi kuliko alichosema daktari. Mimi nilikuwa nasema, "Hicho kitu kikilia, ni uongo, mgeuze tu." Ile ya kungoja robo saa nilikuwa naiacha. Haikuwa tamu kusimulia.

Baadaye nikahamia Bungoma, hospitali nyingine, mzee wangu alikuwa ameanza kuugua na nyumbani ni karibu. Huko nako ICU ilikuwa imepata vifungo vichache. Nikaingia nikiwa na jina tayari. Masista vijana waliniita Kukhu na walikuwa wananiuliza mambo. Mmoja, Sista Nanjala, alikuwa na miezi mitano tu kazini, mpole, mwandiko mzuri, anaandika kila kitu. Alikuwa ananiamini kuliko nilivyostahili.

Ndipo akaletwa Zuhura. Mwalimu wa shule ya msingi, hajafika miaka thelathini, ana sukari tangu utotoni, na sasa kifua kilikuwa kimejaa nimonia. Walimlaza usingizi wa dawa na kumpa mashine ya kupumua. Mama yake anauza nguo karibu na msikiti, mjini hapo. Alikuwa anakuja kila siku saa saba mchana, saa ya kuona wagonjwa, amejifunga leso juu ya buibui, na mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu anakula nini?"

"Anapewa uji kwa mpira wa puani, mama."

"Huo ni uji gani, mtu hauonji?"

Mnajua mama zetu. Mtu akiwa mgonjwa ni lazima anunuliwe glukosi, ile ya unga, ya kopo. Mama Zuhura alileta kopo lake, sista akamwambia hapana, huyu hawezi kunywa kwa mdomo, na ana sukari. Akasema sawa. Akarudisha kopo mfukoni. Wewe ukimwambia mama hapana, na yeye akakuambia sawa, usidhani mmeelewana.

Siku ya nne, asubuhi, ule mpira wa puani uliziba. Uji ukasimamishwa ili mpira ubadilishwe, na kwa sababu wodi ilikuwa imejaa, haukubadilishwa mapema. Insulini yake ikaendelea kuingia pole pole kwa mashine ya sindano. Hakuna aliyeisimamisha. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na halikuwa langu, lakini mengine yanakuja.

Saa saba mama akaja. Mimi nikamlaza Zuhura ubavu wa kushoto ili uso umwelekee mama, aweze kukaa kwa kiti upande huo amshike mkono wa kulia. Kifungo kilikuwa mkono wa kushoto. Nilijua. Nilifanya kwa ajili ya mama, akae na mtoto wake.

Kabla ya saa nane mama akaaga. Dakika chache baadaye kioo kikalia. Tatu nukta moja, na mshale unaangalia chini.

Nanjala akaja haraka. "Kukhu, sukari inashuka."

"Haishuki," nikasema. "Amelalia mkono. Hicho kitu nakijua tangu Kitale. Mgeuze."

Tukamgeuza chali. Nanjala akasema, "Wacha nipime kidole." Akachukua mkono wa kulia, uko karibu. Akapanguza na pamba ya spiriti. Akaniangalia, alikuwa anangoja beseni.

Beseni lilikuwa hatua sita kutoka hapo, chini ya sinki. Mimi nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na chai yangu ilikuwa inapoa. Nikamwambia, "Mkono una joto, mama yake alikuwa ameushika. Dunga tu."

Akadunga. Kumi na nane nukta nne.

"Si unaona," nikasema. "Kifungo kinasema tatu, kidole kinasema kumi na nane. Hicho ni cha kutupa."

Nanjala akasita. "Lakini asubuhi ilikuwa tisa. Imepandaje na uji umesimama?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali la kumwokoa mtu. Na mimi, mwanamke mzima, nikamjibu, "Mwili mgonjwa, bana, hauulizwi."

Basi akafuata karatasi ya ukutani, ile inayosema sukari ikifika kiwango fulani ongeza insulini hivi. Akaongeza. Kioo kilikuwa bado kinalia, akakinyamazisha. Kabla sijaenda kunywa chai niliona jasho kwa mdomo wa juu wa Zuhura, na kwa paji la uso. Nilichukua kitambaa nikampanguza. Kitale, mgonjwa akitokwa na jasho hivyo, ningeita mtu. Lakini hii ni Bungoma, saa nane, jua liko juu ya mabati, na mimi mwenyewe nguo imenishika mgongoni. Nikampanguza vizuri, na shingo pia.

Sikungoja robo saa. Ningengoja, ningeona namba haipandi.

Niliporudi kitanda kilikuwa kinatingishika. Zuhura alikuwa anapigwa na kifafa, meno yameuma ule mpira wa kupumua. Daktari alikuwa ameshafika. "Sukari ngapi?" Nanjala akasema kumi na nane. Daktari akasema pima tena, mbele yangu. Kidole cha kulia, kumi na tano. Akaangalia kile kioo kilichonyamazishwa. Akauchukua mkono wa kushoto akadunga mwenyewe. Mashine ikaandika kwamba iko chini kuliko inavyoweza kupima.

Mtu mmoja, dakika moja, mkono huu na mkono huu.

Walimpa dripu ya sukari nzito hapo hapo, na damu ikakimbizwa maabara. Ilirudi sufuri nukta tisa. Sukari ilipanda baadaye, ikakaa sawa, kifungo na kidole na maabara vyote vikakubaliana. Lakini ubongo haurudishiwi kilichokosekana. Dawa za usingizi zilitolewa na Zuhura hakuamka. Macho yalifunguka na hayakuwa yanaangalia mtu.

Kesho yake daktari alimuuliza mama yake pole pole, na mama akatoa kopo mfukoni, hakuficha. "Mlisema asinywe. Hakunywa. Nililowesha kidole nikampaka midomoni, ionje tu kitu. Nikamshika mkono." Alikuwa amemshika mkono saa nzima na vidole vya glukosi.

Sasa nisikilizeni. Kifungo kinaweza kudanganya, na kidole kinaweza kudanganya. Kwa mgonjwa mahututi vyote viwili ni mashahidi ambao unawahoji. Namba zikibishana, usichague ile unayoipenda. Osha mkono, pima ule mwingine, peleka damu maabara, na wakati unangoja, usiongeze insulini. Kuhofia ile ya chini ndiko salama, kwa sababu sukari ya juu inangoja saa moja, ya chini haingoji. Mguse. Mwangalie jasho, maana sukari ikishuka mtu hutoka jasho. Na mtoto mdogo wa kazi akiuliza swali, jibu swali, usijibu umri wake.

Nanjala aliandikiwa barua ya kujieleza. Aliandika kurasa tatu. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Mtu wa beseni hayuko kwa faili. Nilikaa na hilo siku mbili, na sitawadanganya, siku ya kwanza nilikaa nalo nikishukuru. Ya pili nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, analia amekumbatia koti lake.

"Umeandika kwamba nilikwambia udunge bila kuosha?"

"Hapana, Kukhu."

"Kwa nini?"

"Ningekuwa nakutupia lawama. Mimi ndiye sista."

Nikamwambia achukue kalamu. Nikasema yote, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, nikaweka jina langu chini. Tukampelekea msimamizi. Nilikatwa zamu za ICU, nikamalizia miaka yangu kwa wodi ya wanaume na kufulia. Nanjala alibaki kazini. Ni mzuri sana leo.

Lakini kabla sijatolewa ICU kulikuwa na Mama Zuhura. Alikuwa ameambiwa kuhusu glukosi, na mtu aliyemwambia alimwambia kwa adabu, ati tafadhali wageni wote waache kuleta vitu vitamu. Kutoka hapo alikuwa anakuja saa saba ile ile, anakaa kiti kile kile, na mikono yote miwili ameificha chini ya leso. Saa nzima. Hamgusi mtoto. Mkono wa Zuhura uko pale juu ya shuka na mama anauangalia.

Nilimwendea. Nikapiga magoti, hayo magoti yangu, ili tulingane.

"Mama Zuhura, si mikono yako."

Hakunitazama.

"Mikono ya wageni huwa na kila kitu. Glukosi, mafuta, maembe. Kuna mtu kazi yake ni kuosha mkono wa mgonjwa kabla haujapimwa, ili hayo yote yasiwe na maana. Huyo mtu ni mimi. Siku hiyo sikuosha. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa najua sana. Sista alitaka kuosha, nikamkataza."

Aliuangalia ule mkono juu ya shuka. Kisha akasema, "Kwa hivyo naweza kumshika."

"Mshike."

Mikono ikatoka chini ya leso. Aliushika ule mkono kwa mikono miwili, akauweka kwenye shavu lake. Bado hakunitazama.

"Nyinyi huwa mnawaosha wakienda," akasema. "Nimeona mkifanya kwa kitanda kile."

"Ndiyo, mama."

"Huyu tutamwosha wenyewe, wanawake wa msikiti. Hiyo ni desturi yetu, haikuhusu. Lakini hata kumfunga taya, hata kumnyoosha, wewe usimguse."

Nikasema sawa.

Zuhura alikufa Jumanne, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimeitwa kubeba shuka kutoka ICU. Nilisimama kwenye korido, nikaona sista mwingine anaingia, pazia linavutwa, na viatu vya wale wanawake vimepangwa nje ya mlango. Nilikuwa nimeshavaa glavu, kwa mazoea. Nilisimama hapo nazo mikononi mpaka walipotoka naye, na hakuna aliyeniita.